Kompyuta Tatu, Rula Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeanza. Nimenunua daftari hili kwa makusudi. Siku watu watakapotaka kujua programu kubwa ilizaliwaje, sitaki wamuulize shemeji.

Mambo yalivyo: mama mkwe ana karakana ya ushonaji. Kwa miaka thelathini amekuwa akichora mwenyewe michoro ya kukatia nguo, kwa penseli na rula ndefu, kwenye karatasi ya kaki. Hajawahi kukosea. Ndiyo maana ukutani, juu ya meza ya kukatia, kuna sheria moja tu: KARATASI HAIBISHIWI. Mkataji wake ni mzee mkavu tunayemwita Milimita. Akipewa karatasi, anakata. Haulizi, hakohoi.

Sasa daktari wa macho amemkataza mama mkwe kuchora. Mistari myembamba haioni tena. Vidole vyake bado ni balaa, akivipitisha kwenye pindo anajua limezidi milimita mbili huku anazungumza na mteja. Lakini vidole peke yake havichori. Leo ametuita wote, akasema kompyuta ikiweza kuchora badala yake, kazi itaendelea. Isipoweza, oda ya bendi ya zimamoto ndiyo ya mwisho. Makoti kumi na mawili mekundu, Jumamosi ya wiki ijayo, kisha anafunga milango. Alisema hivyo huku anakunja kitambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mke wangu akageukia dirishani.

Nikasimama. Nikasema mama aniachie mimi, programu itakuwepo. Shemeji, mdogo wa mke wangu, ambaye naye anaandika programu na ana ugonjwa wa kuuliza maswali, akauliza kama itafanya kazi kwenye kompyuta zote tatu za karakana. Uchokozi mtupu! Mama mkwe akaongeza kwamba atakayefanikisha atapewa chumba cha juu kiwe ofisi yake. Chumba chenye dirisha! Mimi nafanyia kazi kwenye meza ya chakula, na nahamishwa kila sahani zinapoingia.

Jumanne, 4 Machi

Nimekagua kompyuta. Kila moja ina mfumo wake, na hakuna inayoelewana na mwenzake. Babu iko mapokezi: kuukuu, nzito, feni yake inakohoa. Bibi Harusi iko kwenye meza ya kukatia: nyeupe, nyembamba, imenunuliwa mwaka huu, kioo kinang'aa mpaka unaona haya kuipumulia. Kiraka iko chumba cha vyerehani: shemeji aliiunga mwenyewe kwa vipande vya kompyuta tano zilizokufa, akaiwekea mfumo wa bure. Inatembea vizuri, sijui kwa nini.

Mtu wa kawaida angeandika programu tatu. Mimi si mtu wa kawaida. Naandika moja, inaingia kote! Nimempigia hesabu mke wangu: theluthi ya kazi, sifa zote. Akaniuliza kama theluthi hiyo inaweza kufanyika bila kuacha makombo kwenye kitambaa cha meza.

Alhamisi, 6 Machi

Programu imekamilika kwa siku mbili. Siri yangu: nimechukua kivinjari kizima cha mtandao, nikakifungia ndani ya programu, halafu nikaandika kila kitu kama ukurasa wa mtandao. Kokote programu iendako, inakwenda na nyumba yake. Kama konokono. Lakini konokono mwenye akili.

Kwenye laptopu yangu, safi. Kwenye Bibi Harusi, safi. Kwenye Babu, dakika kumi na moja kufunguka. Milimita alibonyeza, akaenda kunywa chai, akarudi, akafunga upya kamba za viatu, akaniambia kwa heshima zote kwamba kwa penseli mama angekuwa ameshamaliza shati. Feni ya Babu ilipiga kelele mpaka mteja akauliza kama tumewasha jenereta.

Shemeji akaja na ushauri wake, bila kuombwa. Eti kila kompyuta tayari ina kivinjari chake, ya nini kuibebesha kingine mgongoni. Eti njia nzuri ni kutenganisha: kiini kimoja katikati kinachojua vipimo tu, halafu kila kompyuta ipewe dirisha lake jepesi, lenye tabia zake yenyewe. Nikamwambia hiyo ni kazi ya kuungaunga viraka. Akasema, "Shemeji, tuko kwenye karakana ya ushonaji." Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekitupa kivinjari. Si kwa sababu ya shemeji! Nilikuwa nimeshaamua moyoni.

Mpango mpya: usiku kucha nimechora kila kitu mwenyewe. Kila kitufe, kila orodha, kila kimstari, ili programu ifanane kila mahali kama mapacha. Shida imekuja kwenye alama ya kufunga dirisha. Dada wa mapokezi amezoea kuikuta kulia. Milimita, kwa Bibi Harusi, amezoea kuikuta kushoto. Nikaweka zote mbili, kulia na kushoto. Usuluhishi wa hali ya juu!

Kufika saa nne asubuhi, dada wa mapokezi alikuwa ameifunga programu mara sita akijaribu kuipanua. Milimita akagoma kuigusa. Alisema hajawahi kuona nyumba yenye milango miwili na yote ya kukufukuza. Kwenye Kiraka haikutokea alama hata moja, kwa hiyo programu haifungiki. Ukiifungua umeoa.

Mama mkwe alipita akauliza inaendeleaje. Nikamwambia imebaki kupigwa pasi tu. Akatabasamu, akanishika bega. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu chakula kikaja.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri tangu Jumamosi, jibu limenijia nikiwa naoga. Wataalamu wote wanahangaika jinsi ya kufanya programu moja ikubaliwe na kompyuta nyingi. Wameanzia upande usiofaa! Punguza kompyuta.

Nimefika karakana mapema kuliko wote. Dada wa mapokezi alipoingia, nikamtangazia kwamba Kiraka imepata virusi vikali, lazima itengwe. Nikaifunga kwenye shuka, nikaipakia kwenye baiskeli, nikaificha nyumbani ndani ya kabati, nyuma ya mablanketi. Zikabaki mbili. Juu ya Babu nikabandika karatasi: IMEPUMZISHWA. Ikabaki moja. Sasa programu yangu inafanya kazi kwenye kompyuta zote za karakana, asilimia mia moja! Nimemwambia mama mkwe hivyo hivyo, na hakuna neno la uongo hapo.

Shemeji leo hakuwepo. Raha iliyoje.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu alitaka blanketi.

Sitaandika yote. Alimpigia simu mdogo wake, naye akaja papo hapo kumchukua mgonjwa. Akamfunua shuka, akampangusa vumbi, akaniuliza kama virusi vyenyewe vimeshaambukiza mito. Mke wangu alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia juzi mama yake alijaribu kutia uzi kwenye sindano mara nane, na mara ya tisa akampa mtu mwingine amtilie, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu amjue. Akasema, "Usilichezee hili, mume wangu." Nilijiona mdogo.

Kwa hiyo leo nimefanya kazi kweli. Sehemu ya hesabu nimeiandika upya yote: unaipa kifua, mabega na urefu wa mkono, inakupa koti. Imekaa vizuri mno, hata mwenyewe nimeshangaa. Limebaki jambo moja dogo. Kompyuta inahesabu kwa nukta za kioo, nguo inahesabiwa kwa sentimita. Nukta ngapi zinafanya sentimita moja? Shemeji angesoma vitabu vitatu. Mimi nimechukua rula ya shule, nikailaza juu ya kioo cha laptopu yangu, nikahesabu. Thelathini na nane. Dakika moja tu!

Jumatano, 12 Machi

USHINDI. Nimechapisha mchoro wa koti la kiongozi wa bendi kutoka kwenye laptopu yangu, kwa printa mpya ndefu ya karatasi za kuviringisha. Milimita akaikata karatasi pembeni. Mama mkwe akaitandaza mezani, akapitisha vidole ukingoni, taratibu, kola, bega, kwapa, mkono. Akapima kwa shubiri zake. Akarudia yote tangu kola. Kisha akasema, "Huu ni mchoro wangu." Machozi yalimlenga. Hata mimi yalinilenga, siwezi kulidanganya daftari langu.

Shemeji akauliza kama nimejaribu kuchapisha kutoka kwenye Bibi Harusi, maana ndiyo atakayoitumia Milimita kesho. Wivu! Nikamwambia programu ni ile ile, koti ni lile lile, printa ni ile ile. Akauliza hiyo thelathini na nane nimeitoa wapi. Nikamwambia ni siri ya kitaalamu. Akafungua mdomo, mama mkwe akamwambia amwache mwenzake apumue.

Nimepanda juu kupima chumba. Meza yangu itakaa dirishani, kiti cha wageni pale kwenye kona, kiwe kifupi kidogo kuliko changu.

Alhamisi, 13 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika saa tatu, nimevaa shati la kupigia picha. Milimita alikuwa ameanza saa moja. Alichapisha kutoka kwenye Bibi Harusi, akatandika kitambaa chekundu matabaka sita, akaweka karatasi juu, akakata. Makoti sita kwa mpigo mmoja, kama kawaida yake. Vipande vilikuwa vimepangwa mezani vizuri sana. Vilikuwa vidogo sana.

Mama mkwe aliingia, akaokota mkono mmoja wa koti, akauvuta katikati ya vidole. Akauliza, "Huu mkono wa nani?" Akaulaza juu ya mkono wake mwenyewe. Ulianzia kwenye kiwiko, ukaishia kiganjani.

Milimita akaulizwa kama hakuona. Akasema aliona. Alidhani siku hizi zimamoto wanaajiri wakiwa wadogo. Kisha akaonyesha ukutani kwa mkasi: karatasi haibishiwi.

Shemeji alitazama kioo cha Bibi Harusi, akatazama laptopu yangu, akaiona rula juu yake, akaelewa hapo hapo. Nukta za Bibi Harusi ni ndogo mara mbili, ndiyo maana kioo chake kinang'aa vile. Thelathini na nane zangu, kule ni nusu sentimita, na printa inafuata kioo. Nilikuwa nimepima kioo changu tu, basi. Nikajitetea kwamba mwenye kosa ni Bibi Harusi. Watu waliniangalia kama nimemtukana bibi harusi wa kweli.

Mama mkwe hakunigombeza. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikikunja kile kimkono mara mbili, akasema labda macho yake yalikuwa yanamwambia ukweli tangu mapema, na kiongozi wa bendi apigiwe simu atafute fundi mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Ni mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na yeye mwenyewe alishtuka.

Simu ilikuwa mkononi mwa shemeji. Hakupiga. Alimwomba mama yake ampe mpaka kesho mchana.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji alibisha hodi saa kumi na mbili asubuhi, akakalia upande wangu wa meza ya chakula. Nilijiandaa kusimangwa. Akaomba ile sehemu ya hesabu tu, ya kifua na mabega. Akaisoma mwanzo hadi mwisho, akasema ni kazi safi, hatagusa hata mstari mmoja. Akasema hicho ndicho kiini alichokuwa anakizungumzia. Nikamwambia nilikuwa nakijenga hivyo tangu mwanzo. Akaomba chai.

Halafu akaanza kushona. Madirisha matatu mepesi, moja kwa kila kompyuta. Alama ya kufunga iko kulia kwa Babu, iko kushoto kwa Bibi Harusi, na kwa Kiraka ipo. Ndani ya kiini hakuna nukta, ni sentimita peke yake. Kila dirisha linaiuliza kompyuta yake nukta zake zina ukubwa gani, ndipo linachora. Saa tano tulikuwa karakana. Babu ikafungua programu kwa sekunde nne. Dada wa mapokezi akaipigia makofi.

Mwisho akaweka mraba kwenye kona ya kila mchoro, sentimita kumi kwa kumi. Seremala wa jirani akachonga kibao cha ukubwa huo huo. Milimita anaukata kwanza ule mraba wa karatasi, mama mkwe anaulaza juu ya kibao na kupapasa kingo kwa vidole. Zikikutana, mkasi unaruhusiwa. Zisipokutana, hakuna anayegusa kitambaa, hata nyumba iwe inaungua. Sheria ya ukutani imeongezewa maneno kwa chaki, KIBAO KIKISHAKUBALI. Shemeji alieleza jambo hili kwa dakika kumi nzima. Sikusikiliza yote, nilikuwa naandaa hotuba ya kesho.

Ila uso wa mama mkwe niliuona. Alipapasa kingo nne za kibao, akazirudia, akasema, "Sasa naona." Mkasi ukaanza.

Kitambaa kilichobaki kilitosha makoti kumi na moja. La kumi na mbili ni la mpiga ngoma kubwa, ambaye kwa mbele haonekani kwa sababu ya ngoma. Pazia la sebuleni kwetu lilikuwa jekundu. Lilikuwa.

Jumamosi, 15 Machi

Vyerehani vilinyamaza saa tatu asubuhi, bendi ikaja kuvaa saa nne. Kumi na wawili, wekundu, mabega yamenyooka. Mama mkwe alimsimamisha kiongozi wao mlangoni, akapitisha vidole kwenye mshono wa bega mbele ya watu wote, akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyegeuza ngoma. Tulikuwa tumeomba kwa upole isigeuzwe.

Mama mkwe hatupi kitambaa. Alikuwa amemwagiza mtu ashone kimoja kati ya vile vikoti vya Alhamisi, na kilikuwa kimetundikwa dirishani. Mke wa kiongozi wa bendi ni mwalimu mkuu wa chekechea. Alikiona, akapiga ukelele kama aliyekanyaga msumari. Anataka arobaini, kwa bendi ya watoto wake! Kukata ni Jumanne. Mama mkwe akamwambia vitakuwa tayari, akachukua vipimo yeye mwenyewe, na habari ya kufunga milango hakuna aliyeisikia tena. Mke wangu alinibana mkono mpaka ukauma. Nilifurahi. Kweli nilifurahi.

Nikapanda juu ya stuli kueleza kwamba vikoti vidogo vilikuwa wazo langu. Bendi ikaanza kupiga, na haikuacha mpaka niliposhuka.

Chumba cha juu amepewa shemeji. Mimi nimepewa meza pembeni ya pasi za mvuke. Mama mkwe amesema ni kwa heshima ya kiini.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza kwenye meza yangu. Mvuke unalilowesha daftari. Nimezipitia wiki hizi mbili kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi: kompyuta tatu zilikuwa chache mno! Programu ijayo itaingia kwenye simu, kwenye televisheni ya mapokezi, na kwenye kile kioo kidogo cha pasi. Moja, kote. Nimeshapima kioo cha simu yangu kwa rula. Sentimita moja ni nukta mia moja na sitini. Sioni haja ya kuazima simu ya mtu mwingine.

Tatizo ni meza, inayumba. Kuna upenyo kati yake na ukuta, na siwezi kufikiri huku nabembea. Nikazunguka kutafuta kitu cha kuchomeka. Juu ya meza ya kukatia nikakuta kile kibao cha mraba cha shemeji, kimekaa bure. Kikagoma kuingia, kimezidi kidogo tu. Nikaazima msasa kwa seremala, nikakisugua upande mmoja, milimita tatu hivi, kikaingia chenyewe. Meza ikatulia kabisa.

Baada ya dakika tano mpiga pasi akaja, akaihamishia meza upande wa pili, na huko haiyumbi. Basi nimekirudisha kibao pale pale nilipokitoa. Kesho asubuhi wanakata vile vikoti arobaini, nisije nikaambiwa napoteza vifaa vya watu. Kwanza hakuna atakayejua. Milimita tatu! Nani atazihisi?